Raketi Moja Kati ya Sita

Mama Nyuzi hajawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata jina hilo majirani walimpa kwa sababu hiyo hiyo: ukipita dirishani kwake utamkuta anavuta uzi wa kitu fulani, kama si wa cherehani basi wa raketi, na mguu mmoja unatikisika chini ya meza. Kazi ya raketi alifundishwa na shemeji yake mwenye duka la vifaa vya michezo. Haukupita muda wateja wakaanza kumpita shemeji kaunta bila hata salamu na kwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Shemeji alinuna kidogo, kisha akazoea.

Kwa hiyo mashindano ya tenisi ya wanawake ya kufunga msimu yalipoletwa mjini, Mama Nyuzi aliitwa. Haya si mashindano ya kila mtu. Mwaka mzima wachezaji wanazunguka dunia wakigombea pointi, na mwishoni wanaitwa wanane tu waliozoa nyingi kuliko wengine, pamoja na timu chache za mchezo wa wawili wawili. Ukishika nafasi ya tisa, pole sana, utaangalia kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Chumba cha raketi kilikuwa chini ya majukwaa. Hakikuwa na dirisha, mashine za kuvutia nyuzi zilipangwa kufuata ukuta, na juu ilining'inia televisheni isiyo na sauti. Mkuu wa chumba, mzee wa miraba minne waliyemwita Kamanda, alikuwa na sheria isiyo na mjadala: mchezaji mmoja, mkono mmoja. Aliyekusukia raketi siku ya kwanza ndiye atakayekusukia mpaka mwisho, maana watu wawili hawakazi sawa hata wakitumia mashine ile ile. Mwaka uliopita alimrudisha mtu nyumbani kwa kuchora nembo kwenye nyuzi za raketi kichwa chini. Mama Nyuzi alipewa wachezaji wawili. Mrefu, wa wawili wawili, alipenda nyuzi zilegee. Shoto, dada wa mkono wa kushoto mwenye maneno ya kuhesabu, alitaka zikazwe mpaka zilie.

Siku ya nusu fainali ya Shoto, Mama Nyuzi alimaliza raketi za Mrefu asubuhi, akafunga ya kwanza ya Shoto kwenye mashine, na simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, miwani yangu umeiweka wapi?"

"Sijaigusa, mama. Tazama kwenye kabati."

"Nimetazama. Hebu nieleze vizuri, kabati lipi?"

Mama mkwe hakatiwi simu. Mama Nyuzi akaibana kati ya sikio na bega, akaendelea kusuka huku akitembezwa kabati moja baada ya jingine, kisha chini ya kitanda, kisha kwa jirani. Simu ilipokatika, raketi ya kwanza ilikuwa tayari imeshatoka kwenye mashine. Akazisuka nyingine tano, kila moja akiigonga kwa kiganja karibu na sikio kusikiliza mlio wake, kama kawaida yake. Mkoba wa raketi sita ukapelekwa kwa mwenyewe.

Mechi ilipoanza, simu ikalia tena.

"Miwani nimeipata," mama mkwe akasema, akicheka. "Ilikuwa kichwani muda wote!"

Mama Nyuzi akaanza kucheka naye, kisha akaacha. Akili ilimrudisha asubuhi, kwenye kabati la mama mkwe, na kwenye mkono wake mwenyewe ukiinua kiwango cha mkazo cha mashine kutoka cha Mrefu kwenda cha Shoto. Mkono uliinua kwa mazoea. Lakini uliinua baada ya simu. Raketi ya kwanza ilikuwa mezani tayari, na hiyo hakuigonga kuisikiliza.

Raketi moja kati ya sita ilikuwa imelegea, ya kurusha mpira mbali kuliko zenzake, na kwa kuitazama tu hakuna ambaye angeijua.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikunywa maji ambayo hakuyahitaji. Kwenye televisheni Shoto alikuwa anaongoza, na kila alipoinama kwenye mkoba wake Mama Nyuzi alishika ukingo wa meza. Kusema ni kufukuzwa, hilo alilijua. Kunyamaza je? Labda dada wa watu hataifikia. Raketi sita, mechi moja, kwa nini aiguse hiyo hiyo? Alijiambia hivyo mpaka Shoto akachukua seti ya kwanza, akaona nafuu, na nafuu hiyo ikamkera kuliko hofu.

"We mama, una mchwa kwenye kiti?" Kamanda akauliza.

"Mgongo tu."

Seti ya pili, ikaletwa mipira mipya. Shoto akatoa raketi nyingine mkobani, kama wachezaji wafanyavyo mipira ikibadilishwa. Mpira wa kwanza ulipita mstari. Wa pili ukapita mbali zaidi. Gemu ikaenda, na iliyofuata ikaenda. Shoto akazitazama nyuzi, akazibonyeza kwa vidole.

"Ni ile," Mama Nyuzi akasema.

"Ile ipi?"

Akamweleza Kamanda yote, na miwani ndani yake. Kamanda hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Alimshika mkono, wakapanda ngazi wote wawili mpaka alipokaa kocha wa Shoto, kando ya uwanja, wakamnong'oneza. Wachezaji walipokwenda kupumzika, kocha akamwita Shoto, akagonga kiganja chake karibu na sikio. Shoto alielewa. Aligonga iliyokuwa mkononi, akagonga ya mkobani, akafumba macho kidogo. Kisha akampa mwokota mipira ile ya mkononi aipeleke chini, na watu majukwaani wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

"Isuke hii," Kamanda alisema walipofika chini. "Halafu kusanya vitu vyako. Fainali utaitazamia nyumbani."

Aliisuka. Safari hii alitazama kiwango cha mashine kwanza, ndipo akavuta uzi. Akaigonga, akasikiliza, akaigonga tena. Raketi ikapelekwa, na kwenye televisheni alimwona Shoto akiichukua katika seti ya tatu. Alipigana nayo gemu baada ya gemu, mpaka akashindwa kwa kidogo sana.

Mama Nyuzi alikuwa anafunga zipu ya mkoba wake wakati Shoto alipoingia, jasho halijakauka. Akaziweka raketi mezani.

"Uligundua lini?"

Angeweza kudanganya. Kamanda alikuwa amegeukia ukuta.

"Seti ya kwanza, mwanzoni."

Macho ya Shoto yalijaa maji, akayaacha yashuke.

"Seti nzima," akasema. "Ulikaa na mimi ninacheza."

"Niliogopa kazi yangu, dada. Nisamehe."

Shoto akavuta kiti, akakaa, akazisukuma raketi kuelekea kwa Mama Nyuzi. "Msimu umekwisha. Nikatie nyuzi."

Msimu ukiisha nyuzi hukatwa zote, ili fremu zisipindwe na mkazo zikiwa zimelala kabatini. Mama Nyuzi akachukua mkasi. Akakata ya kwanza, na ya pili, kila moja ikilia kidogo inapoachia. Alipobakiza moja, ile aliyoisuka mechi ikiendelea, Shoto akanyoosha mkono wake wa kushoto akaushika mkasi.

"Hiyo iache," akasema.