Taa Zinazohesabu Watu

Ofisi yetu ya zamani, karibu na Ngarenaro, ilikuwa ya vyumba vidogo na korido yenye giza hata mchana. Taa ziliwaka tangu asubuhi mpaka jioni, na bili ya umeme ilimtoa bosi jasho. Ndipo ikaamuliwa jengo lifumuliwe: kuta za ndani zitoke, madirisha yapanuliwe upande wa Mlima Meru, sola ipande juu ya paa, na taa ziwake pale tu penye mtu.

Mimi nilichukia tangu mwanzo, sifichi. Rafiki yangu wa chumba cha pili, Mchaga mwenye mdomo na moyo mkubwa, alifariki mafundi wakiwa bado wanavunja. Miaka yote alikuwa akija kwangu saa kumi na chupa yake ya chai ya tangawizi, anavuta kiti, anamsema bosi mpaka natokwa machozi kwa kucheka. Tuliporudi ofisini ukarabati ulipokwisha, chumba chake hakikuwepo. Palikuwa na zulia la kijivu na ua kwenye chungu.

Fundi umeme alitukusanya kutueleza. "Kila taa ina sensa," alisema, akionyesha kidude cheupe darini kinachohisi joto la mtu.

"Sensa?" akadakia dada wa usafi. "Kwa hiyo zinatuhesabu?"

Tulicheka sana. Tangu siku hiyo, taa ikiwaka juu ya mtu tulimwambia, "Umehesabiwa."

Mimi zilinisahau. Meza yangu iko mbali na dirisha, na nikitulia kusoma, taa yangu inazima, napunga mkono hewani kama anayefukuza nzi. Lakini kwenye kona palipokuwa chumba cha marehemu, pasipo meza wala mtu, taa iliwaka kila ilipofika saa kumi. Ilikaa kidogo, ikazima.

Mwanzoni watu walitania. Baadaye wakawa wanaizunguka ile kona. Siku moja dada wa usafi alinisogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Yule bado yumo kwenye hesabu," akanong'ona.

Nywele zilinisimama. Hata hivyo nilifurahi, tena sana. Nilianza kuisubiri saa kumi, na hofu yangu ikawa moja tu, kwamba wataitengeneza ile taa.

Na siku ikafika. Fundi alisema ni hewa ya joto: jua likizunguka upande ule kioo kinachemka, sensa inadanganyika. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi msimamizi wa ofisi.

"Niitoe hiyo sensa, mama?"

Wote walinitazama. Ningesema nini mbele za watu? Nikasema aitoe. Alipanda ngazi, akaifungua, akaitia mfukoni. Nilikwenda msalani nikalia.

Kesho yake saa kumi taa ya kona haikuwaka. Wenzangu walikuwa wametoka kunywa chai. Nilikaa mezani bila kujitikisa, na taa yangu ikazima kama kawaida yake. Sikupunga mkono, sikuwa na hamu.

Ikawaka.

Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyepita. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imeshikana, na dirisha lilikuwa mbali. Niliogopa. Kisha nikainuka taratibu, nikavuta kiti cha pili.