Jaketi la Msichana wa Minembwe

Jaketi lililonipatia ushindi wangu wa kwanza lilikuwa la msichana niliyemshinda. Liko nyumbani kwangu hapa Baraka hadi leo, limekunjwa juu ya kabati, na nikilifunua bado linatoa harufu hafifu ya moshi na siagi ya ng'ombe. Si harufu yetu. Sisi watu wa ziwa tunanukia ndagala, wale samaki wadogo, tangu kuzaliwa.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Wasichana wa shule za Fizi walikuja Baraka kushindana mbio, na mshindi angepelekwa Uvira kwa mashindano makubwa zaidi. Njia ya Uvira niliijua hadi Swima tu, kwa shangazi; mbele ya hapo niliisikia kwa watu. Kwa wiki nzima sikuota kitu kingine.

Asubuhi tulikimbia kwa makundi. Jua lilikuwa limeshapanda, mchanga unachoma nyayo, na hapo ndipo tulipomwona Esperansi wa Minembwe, kule milimani kwenye baridi, akizunguka uwanja polepole ndani ya jaketi zito la bluu, zipu imefungwa hadi kidevuni. Kwetu vazi kama hilo lilikuwa la mvuvi anayekesha ziwani, au la mgonjwa anayetetemeka. Rafiki yangu Sifa hakuweza kunyamaza.

"Dada, lopitali iko ku ile njia!" alimpigia kelele. "Uko na malaria, ao unalalia mayai mule ndani?"

Uwanja mzima ulicheka. Esperansi naye alicheka, bila kusimama.

"Moto yenye nimetafuta na miguu yangu," alijibu, "siwezi iacha ikimbie mbele yangu."

Hatukumwelewa. Alipoitwa kwenye mstari alilivua, akaliweka kwenye majani, akashinda kundi lake bila kuhangaika, kisha akalivaa tena kabla hata hajanywa maji.

Mimi pia nilishinda kundi langu. Nikafanya kama watoto wote wa Baraka walivyofanya: nikashuka ziwani kuloweka miguu. Tuliamini maji baridi yanaondoa uchovu na kuifanya miguu iwe myepesi. Nilikaa humo hadi upepo ulipogeuka na mvua ikaja mbio kutoka upande wa rasi ya Ubwari. Tulijibanza chini ya paa la madarasa, nguo zimelowa, meno yanagongana.

Mvua ilipokatika, mwalimu alituita kwa mbio za mwisho. Nilipiga hatua moja, shavu la mguu likakaza kama kamba ya wavu. Nikajaribu tena, nikaanguka. Nililia bila aibu, maana niliiona Uvira ikiniponyoka.

Esperansi alikuwa karibu. Alinitazama mguu, akafungua zipu.

"Vaa," alisema.

"Na weye?"

"Vaa kwanza, mutoto wa maji. Utauliza kisha."

Nikalivaa. Ndani mlikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuruni. Alinikanda mguu kwa viganja vyake, kisha tukakimbia polepole nyuma ya madarasa, mimi nimejifunika hadi kidevuni, yeye na fulana nyembamba, vinyweleo vya mikono vimemsimama. Taratibu mguu ulilegea, ukawa wangu tena. Mwalimu alipopuliza filimbi ya kutuita, nilivua jaketi nikampa Sifa. Safari hii hakutania.

Tulizunguka uwanja mara mbili. Kwenye kona ya mwisho nilisikia pumzi za Esperansi begani mwangu, nikangoja anipite. Hakunipita. Nilimtangulia kwa kifua tu.

Alinikumbatia akihema. "Uvira ukawakimbize vizuri," alisema. Muda mfupi baadaye pikipiki zao ziliondoka kuwahi mlima kabla barabara haijaharibika. Nilipokumbuka jaketi, Sifa alikuwa amelivaa, amejikunyata ukutani, naye sasa analalia mayai.

Leo nafundisha wasichana kukimbia kwenye uwanja uleule. Nawaambia wapashe mwili moto kwanza, kisha wajifunike, kwa sababu jasho na upepo huiba joto lote wakati wa kungoja filimbi, na msuli uliopoa hukaza, hata kuchanika. Simruhusu yeyote kushuka ziwani kabla ya mbio. Wakinung'unika kwa jua la Baraka, nawasimulia habari za Esperansi. Utotoni nilidhani alikuwa ameniazima nguo. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu nilipoelewa kwamba alinipa joto alilolitafuta tangu asubuhi, akijua faida ya joto hilo kuliko sisi sote, kisha akaenda kwenye mstari na miguu iliyopoa.

Nimetuma salamu kwa kila mwendesha pikipiki anayepanda Minembwe. Mmoja aliniambia Esperansi alihama wakati wa vita. Mwingine alisikia kuna mama wa jina hilo anayelima Lubondja. Nilikwenda, hakuwa yeye. Jaketi nalianika kila kiangazi, lisiliwe na wadudu. Sijui yuko wapi. Wala sijui, kama angebaki nalo siku ile, nani angekwenda Uvira.