Aliyejibu Uwanjani

Nchi kadhaa za Afrika zilipokuja Chake Chake kucheza mpira, mie na mdogo wangu wa kike hatukwenda kutazama mpira. Tulikwenda kutafuta vya bure.

Makampuni yaliyodhamini mashindano yalipanga meza nje ya geti: kofia, bangili za mpira, vipepeo vya karatasi vya kujipepea vyenye sura za wachezaji, vishikio vya funguo, na bendera ndogo za kila nchi kwenye vijiti. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la nne, alizitaka bendera zote. Mie nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nangoja majibu ya usaili, na kilichonisumbua ni kwamba mmoja wa walionisaili angeweza kupita akaniona nimepanga foleni ya kishikio cha funguo. Na mlango wa kufungua wenyewe sina. Nikaivaa kofia ya bure, nikaishusha mpaka kwenye nyusi.

Kila mtu alipewa kimoja. Mdogo wangu akapita tena.

"We mwenye mtandio wa njano," dada wa mezani akamwambia, "si umeshapita hapa?"

"Alopita pacha wangu."

"Na pacha wako kavaa na ndara zako?"

"Twaazimana."

Yule dada akacheka, akampa.

Mechi ilikwisha jua limeshainama. Watu walitoka haraka, wengi wakiwahi magharibi, na majukwaa yakabaki matupu kuliko nilivyotarajia. Walichopewa bure walikiacha chini ya viti. Mdogo wangu alikuwa amebakisha bendera moja tu, yenye nyota. Tukakubaliana yeye atafute safu za juu, mie za chini, tukutane katikati.

Sikupenda kule chini. Upepo ulikuwa ukivigeuza vile vipepeo kimoja kimoja, na kila nilipoinua macho nilikuta sura nyingine imenigeukia. Nilijiambia ni karatasi. Kisha nikaanza kufikiri kwa nini nimehitaji kujiambia.

Ndipo nikaitwa. Niliitwa kwa jina langu la nyumbani, ambalo nje ya ukoo wetu halijulikani. Sauti ilikuwa ya mdogo wangu, au kama yake. Kwenye kuta za zege sauti hugawanyika, hujui imetoka upande gani. Nikatazama juu, sikumwona. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na humwoni anayekuita, hasa jua likikaribia kuchwa, usijibu mpaka uitwe mara ya tatu. Wao hawaiti mara tatu. Bibi yangu wa kijijini Ole, aliyetufundisha, hakutwambia "wao" ni kina nani, nasi hatukuuliza. Shahada ninayo, na nilisimama pale na shahada yangu, nangoja.

Ikaja ya pili. Nikangoja.

Ya tatu haikuja.

Nilipanda ngazi mbio. Juu hakukuwa na mtu. Nikamwita mara tatu upesi upesi, isije ikawa naye ananingojea, lakini kimya. Mlinzi wa geti akasema hakuona mtoto akitoka peke yake. Nje mabasi yalikuwa yakirudi nyuma kwenye vumbi, na watu waliojaa pale wengi siwajui. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mama, na kila nilichotunga kilianza na "nilimsikia".

Nilimkuta chini ya jukwaa, kwenye mifereji ya kutawadhia, amekaa juu ya kreti, bendera amezipanga mapajani.

"Wafanya nini huku?"

"Nakungoja."

"N'nakwita, hujibu."

"Sikusikia. Mie ndo nilokwita. Nimekwita mara mbili, ukajibu."

"Nikajibu nini?"

Alinitazama kama anayetaniwa. "Naam. Ukasema njoo chini, kaa hapo kwenye mifereji, usiondoke mpaka nije."

"Uliniona?"

"Si ulikuwa humo ndani." Akaonesha kwa kidevu mlango uliokuwa nyuma yake.

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, na kufuli limeshika kutu.

Nilifikiri upesi. Mwanamme yeyote akisikia mtoto anaita anaweza kusema naam, tena kwa wema tu. Lakini mdogo wangu anaijua sauti yangu tangu hajaweza kutembea. Nilipokuwa nikifikiri hayo alikuwa akinitazama usoni, kisha akalitazama kufuli, na mkono wake uliokuwa ukizipanga bendera ukasimama. Nikaona kwamba nikichelewa kidogo tu, ataanza kuelewa.

"Ndio," nikasema. "Nilikuwa humo. Nimetokea upande wa pili."

"Watafuta nini?"

"Ile yenye nyota."

"Ukaipata?"

"Sikuipata."

Akanishika mkono mpaka nyumbani Madungu, jambo ambalo alikuwa ameshaliacha kwa kujiona mkubwa. Mama sikumwambia. Bibi nilimwambia siku nilipokwenda Ole, naye alikuwa akimenya muhogo.

"Ilimwambia akae?"

"Ndio, bibi."

"Haikumwambia aingie?"

"Haikumwambia."

Akamenya kipande kingine mpaka mwisho. "Basi," akasema, na hakutaka tuendelee.

Tangu hapo mdogo wangu akiniita najibu papo hapo, hata sijamwona, hata jina hajalimaliza, nisiache nafasi ya mwengine kujibu. Bibi amenisikia nikifanya hivyo, na hakupendezwa. Nimempima bibi na mlango ule, nimechagua kujibu.

Kuna jioni nasema naam kutoka chumbani, na mdogo wangu, anayeosha vyombo uani, anasema bila kugeuka, "Sijakwita, kaka."

Natoka hata hivyo. Nachukua sahani, nasuuza naye mpaka vyombo vinakwisha, kisha tunaingia ndani pamoja, yeye mbele.