Daluga za Wilf Ormerod

Kila asubuhi, kabla hata ya kumimina chai, Wilf Ormerod aliketi karibu na moto akazipaka mafuta daluga zake za zamani. Hakuwa amezivaa kwa miaka mingi. Binti yake Edith alikua akimwona, kama watoto wengine wanavyomwona baba akinyoa ndevu, na hakuwahi kuuliza.

Wilf alitoka kiwanda cha pamba akiwa kijana, akawa kiungo wa timu ya mji wao, Ormsden, baada ya vita. Siku za mechi alipanda basi moja na mashabiki; wakifungwa, alirudi nalo akitukanwa hadi kituo cha nyumbani. Alipopoteza namba kikosini alibaki palepale akikata nyasi za uwanja, mpaka wakurugenzi walipomfukuza meneja, wakakosa mwingine wa bei nafuu, wakampa yeye timu.

Kwingine mchezaji akistaafu husemwa ametundika daluga. Ormsden ilikuwa kinyume. Asubuhi ya mechi, ambaye daluga zake meneja amezitundika kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo anacheza. Anayezikuta sakafuni ajue hana namba. Hakuna aliyetamka neno. Waliona hiyo ndiyo heshima.

Sasa timu kubwa ya London ilikuwa inakuja kwa mechi ya Kombe, na goti la Len Bleasdale lilikuwa limekwisha. Len alikuwa beki wa kati, nahodha, na mume wa Edith. Mji mzima ulijua habari za goti lile. Len tu ndiye aliyekataa kujua.

Alhamisi jioni Wilf alifika kwao, kofia ikichuruzika maji. Edith akapakua pai ya nyama na viazi.

"Mzee, umekuja kula au kunipeleleza?" Len alitania.

"Kula. Wewe una nini cha kupelelezwa?"

"Basi kula ushibe. Jumamosi yule mshambuliaji wao namtia mfukoni."

"Kwa goti hilo?" Edith alisema. "Juzi paka wa jirani amekupiga chenga hapo uani."

"Yule paka alikuwa ameotea!"

Len alicheka peke yake. Wilf alizungumzia mvua, akazungumzia njiwa wa jirani, kisha akavaa kofia akaaga.

Edith alimsindikiza mlangoni. Baba yake hakuvuka mji kwenye mvua kwa ajili ya pai. Na Jumamosi mumewe angeinama kuokota daluga sakafuni, mbele ya vijana aliowalea mwenyewe. Alitaka kusema hivyo, kikamtoka kingine.

"Baba, kwa nini unazipaka mafuta zile daluga?"

Ndani, Len alikuwa akipiga mluzi. Wilf alivua kofia, akaitundika tena kwenye msumari wa mlangoni, akageukia mluzi ule.

"Nilizikuta sakafuni, mwanangu," alisema, "na hakuna aliyeniambia kama ni Jumamosi ile tu au ndiyo basi."