Kitabu cha Nyota Alichokiacha Barthélemy Kikiwa Wazi

Jumanne moja, mwanzoni mwa mwaka huu, Barthélemy alifumua uzi wa mwisho wa kitabu, akaweka kisu mezani na kumwambia mke wake, "Minaenda Kadutu kutafuta uzi, minarudi sasa hivi."

Hakurudi. Alianguka kwenye mteremko wa soko la huko, na kabla ya kufikishwa hospitalini moyo ulikuwa umekwisha kusimama. Daktari alisema ni tansheni, yaani shinikizo la damu.

Leo asubuhi, katika kibanda cha mbao huko Nyawera, mjane wake Nsimire anapitisha nta kwenye uzi na kuukata kwa meno. Mbele yake kuna kitabu cha nyimbo cha parokia kilichopasuka mgongo. Mkono wake wa kulia una sugu mpya, pale sindano inaposukumwa.

"Zamani nilikuwa wa gundi na kukandamiza tu," anasema. "Kushona ilikuwa ya Papa Gloire." Ndivyo anavyomwita mumewe, kwa jina la mtoto wao.

Nsimire ni binti wa wakulima wa Nyantende. Aliolewa na fundi wa kushona vitabu, wakaishi kwa kushona misale za Kanisa na mémoires, yaani tasnifu, za wanafunzi wa chuo kikuu. Lakini kitabu alichokiacha marehemu mezani hakikuwa misale.

Kilikuwa kitabu cha Kiarabu kilichoandikwa kwa mkono, mali ya Bintu, mfanyabiashara wa vitenge anayeishi Bagira. Babu yake alikinakili mjini Kasongo, kwa wino mweusi na mwekundu. Ndani yake mna buruji kumi na mbili za nyota, vituo vya mwezi, siku njema za safari na za ndoa, na miraba iliyojaa tarakimu, ile ambayo zamani iliandikwa kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa.

"Baba yangu alikuwa anakifungua watu bakitaka kuoa," anasema Bintu. "Mimi sijui kupiga nyota. Minataka tu mukono ya babu isipotee."

Katika siku za kilio, Eulalie, dada yake Barthélemy, alikiona kitabu mezani. Hakuthubutu kukigusa. Alizisukuma karatasi kwa ufagio mpaka zikaangukia ndani ya beseni, zikachanganyika zote. Wala hazikuwa na namba.

"Mama Gloire, uchome hii kitu," alimwambia wifi yake. "Kaka alifungua mafundo yake, nayo ikafungua ya kwake. Hauone? Ni siku ile ile!"

Nsimire anakiri kwamba maneno yale yalimkaa moyoni. Usiku alilifunika beseni kwa kitenge, na juu ya kitenge akaweka rozari. Ila kulikuwa na jambo moja lililomzuia kuwasha kiberiti.

"Papa Gloire hakurudishiaka mutu kitabu wazi. Hata siku moja. Ningechoma, ningekuwa nimemumalizia jina vibaya."

Basi akamwita Bintu, akamfunulia beseni na kumweleza yote bila kuficha. Bintu alishika kiuno, akatazama, akavua viatu na kukaa kwenye mkeka.

Bintu alisoma chuo cha Kurani utotoni, herufi anazijua. Akamwonyesha mwenzake kwamba chini ya ukurasa, pembeni, kuna neno moja lililoandikwa peke yake, na kwamba neno hilo hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Wakaanza kuoanisha, neno kwa neno, kama watu wanaotafuta viatu vya watoto mlangoni mwa msikiti.

Karatasi ya duara la buruji ikawashinda. Haikuwa na neno lolote chini. Nsimire akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaona tundu dogo la mdudu. Akatafuta karatasi nyingine mbili zenye tundu pale pale, akaipachika katikati.

"Mududu hasomi," anasema akicheka, "lakini haruki ukurasa hata moja."

Alishona peke yake juma zima, kidogo kidogo kila jioni, kama alivyokuwa akimwona mumewe akishona. Bintu alipokuja kukichukua, alikifungua kwa upande wa kulia kama ilivyo desturi ya kitabu cha Kiarabu, akakunja uso, kisha akaangua kicheko.

"Wee Mama Gloire! Umebatiza kitabu ya babu!"

Mkono uliozoea misale ulikuwa umeanzia kushoto. Mwisho wa kitabu ulikuwa mbele, na mwanzo ulikuwa nyuma.

Hapakuwa na dawa ila kukifumua. Hapo kicheko kikamkauka Nsimire. Ilimpasa kufanya lile lile alilolifanya mumewe asubuhi ya kufa kwake, kwa kisu kile kile, na Eulalie alikuwa amesimama mlangoni na sahani za chakula mkononi.

"Usikate," Eulalie alisema. "Mama Gloire, minakuomba. Gloire atabaki na nani?"

Nsimire akasoma Salamu Maria. Bintu, kando yake, akasema Bismillahi. Nsimire akakata fundo la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, kisha akaweka kisu chini na kungoja.

"Nilingojea kabisa. Nikasikiliza moyo. Nikasikia njaa tu."

Papo hapo akatia uzi kwenye sindano na kuanza upya, safari hii kutoka kulia, na kwa kuwa matundu yalikwisha kutobolewa, kazi ilikwenda haraka. Eulalie hakuingia, wala hakuondoka. Chakula kikapoa mikononi mwake.

"Imeisha kufungwa?" aliuliza mwishowe.

"Imeisha, wifi."

"Basi tukule."

Wakala watatu kwenye mkeka, ugali na sombe ya majani ya muhogo, na Eulalie akawa wa kwanza kusema kwamba Barthélemy, hata angekuwa hai, angelikosea vile vile.

Maumivu hayajakwisha. Kuna siku Nsimire humwita mumewe amshikie ubao wa kukandamizia vitabu, kisha hukumbuka. Lakini hataki kuonewa huruma. Shangazi yake Bintu, aliyeko Sange, ana kitabu kingine cha babu yule, kimeliwa na mchwa. Nsimire amesema kiletwe mvua zikipungua, na kwamba safari hii ataanzia kulia.

Kwa sasa mémoires za mwisho wa mwaka wa masomo zimeanza kuletwa. Kibanda cha Nyawera kiko wazi kila siku isipokuwa Jumapili, na Nsimire ndiye anayeshona.