Miti Niliyopanda kwenye Shamba la Mkwe

Mama mkwe aliniazima kipande cha shamba bondeni, karibu na Mombo, ambacho hata mbuzi walikipita bila kugeuza shingo. Kiangazi kikiingia, chumvi ilipanda juu ya udongo ungedhani mtu kamwaga unga. Nilipanda mahindi, yakaota, yakawa manjano, yakafa. Nami sikuwa na shamba jingine. Kwetu ni Handeni, huku Korogwe nimefuata mke.

Niliwahi kuhudhuria semina moja ya kilimo, nikarudi profesa. Nikamweleza mke wangu kwamba kivuli cha miti huzuia jua kuivuta chumvi juu, mizizi huupasua udongo ili mvua iishushe chini, na majani yakioza hurudisha rutuba.

"Umemwambia mama?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sayansi haiombi ruhusa. Nikapanda migunga na miarobaini, kwa mistari iliyonyooka kuliko maisha yangu.

Nilijisahaulisha jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua: kwenye shamba la kuazimwa unapanda mahindi, hupandi mti. Mahindi unavuna, unaondoka. Mti unabaki, na aliyeupanda anabaki nao. Habari zikamfikia mama mkwe kwamba mkwewe anajimegea shamba.

Nikaenda kujieleza. Kwa adabu ya ukwe nilisimama mbali na mlango, nikatoa shikamoo, na kabla hajajibu nikaunganisha na somo zima la chumvi, mbele ya kuku wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Marahaba," akasema, akarudi jikoni.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Miti hakuing'oa, lakini chai ya kwake sikuionja tena.

Masika kadhaa yakapita. Chini ya miti zikaota nyasi, kisha mchicha, mwishowe mahindi yakasimama ya kijani kabisa. Siku moja mama mkwe akaja mwenyewe, akachota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Sasa hili ni shamba," akasema. "Nitalilima mwenyewe."

Hayo ndiyo matunda ya uprofesa wangu.

Akaanza kuondoka, kisha akanyoosha mkono kwenye kipande kingine cha kwake, cheupe, kibaya kuliko cha kwanza.

"Na kile pale, baba, kapande miti."

Hakusema nikalime. Alisema nikapande miti. Nilikuwa nusu ya njia kumpelekea mke wangu habari nilipojikuta nalia barabarani, mtu mzima na ndevu zangu, kwa furaha ya kupewa shamba lisiloota hata magugu.