Msifagie Mpaka Seif Afike

Karanga zikibanguliwa hutoa harufu ya udongo mkavu, na harufu hiyo ikinifikia sokoni, hata leo na umri wangu huu, moyo hunidunda. Wenzangu huonja, hupatana bei, huenda zao. Mimi hutazama kwanza kama upepo unavuma. Wananicheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu hawakukulia nyumbani kwetu.

Tulikaa Mpwapwa mjini, katika nyumba ya udongo iliyopigwa lipu upande wa mbele tu, kwa ajili ya wapita njia, kama Baba alivyopenda kutania. Yeye alikuwa na bucha. Mama alibangua karanga na kuziuza. Zilikuwa enzi za ruksa, na kila mwenye meza aliitoa barabarani akauza alichonacho. Wa kwanza wetu alikuwa Seif. Akafuata Zuhura, aliyekuwa amekwisha kuolewa Dodoma, kisha mimi kitindamimba, niliyezaliwa Mama amekwisha kugawa nguo zote za kitoto.

Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia, Mama alisema, unamfagia na yeye, nyumba inamsahau. Zuhura alipokwenda kwa mumewe, kondakta wa basi alituletea salamu kesho yake, tukafagia, mambo yakaisha. Nikadhani ni jambo jepesi.

Halafu Seif akasema anataka kwenda Mererani kuchimba madini. Vijana wengi walikuwa wakikimbilia huko. Baba alikataa katakata.

"Huko watu wanashushwa ardhini kwa kamba," alisema. "Kamba ikikatika, unazikwa mara moja, hata sanda huna."

Aliyemtetea alikuwa Mama. "Mkaa bure si sawa na mtembea bure, Baba Seif. Unataka azeekee buchani akikufukuzia nzi?"

Baba akakubali shingo upande, kwa sababu kweli hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Seif. Lakini jioni ile ile nilimwona Mama akikunjua shati la kaka na kulikunja upya, akilitia kwenye begi na kulitoa. Asubuhi alishika msahafu juu ya kizingiti, Seif akapita chini yake, tukaenda stendi. Huko Mama alicheka kuliko watu wote. Basi lilipotokomea na vumbi lake, kicheko kikakatika, akatugeukia mimi na Baba.

"Msifagie mpaka Seif afike," alisema.

Ijumaa ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. Safari ile ilikuwa ya kubadili basi Dodoma, kisha kushika njia ya Kondoa kwenda Arusha, na njia yenyewe ilijulikana kwa mashimo yake. Simu nyumbani hatukuwa nayo. Kila basi lilipoingia Mama alinituma stendi nimuulizie Kibacha, kondakta wetu, na kila mara niliambiwa Kibacha hakuja, kaja mwingine asiyejua lolote.

Wakati huo maganda ya karanga yalizidi kujaa sebuleni. Kuku walilala humo, wakaacha walichoacha. Wageni walivua viatu kwa mazoea, wakatazama chini, wakavivaa tena. Baba alikula huku akichomoa ganda kwenye mchuzi. Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilitembea kwa ncha za vidole nisije nikasukuma takataka mahali pasipostahili, na ufagio niliusogeza nyuma ya banda la kuku, nisiuone. Katika akili yangu ya kitoto, kamba ya Seif huko shimoni ilikuwa imefungwa kwenye uchafu ule.

Mchana mmoja wa kiangazi, Mama akiwa anabangua karanga sebuleni, milango yote miwili wazi kwa sababu ya joto, nilikiona kisulisuli kikipanda kutoka upande wa uwanja, chekundu, kirefu, kikiwa na majani na makaratasi tumboni. Nilipiga kelele. Hatukuwahi kuifunga milango. Kiliingia mlango wa mbele, kikazunguka sebuleni, kikatokea uani na kila kitu. Sakafu ilibaki nyeupe, kama iliyofagiwa.

Mama alisimama. "Audhubillahi," alisema, "Seif wangu." Kisha akatoka mbio uani, akapiga magoti, akaanza kuzoa maganda kwa mikono na kuyatia kwenye kanga. Nami nikapiga magoti kando yake. Tuliokota maganda, majani, manyoya ya kuku, tukayarudisha ndani, tukayamwaga, tukarudi tena. Tulilia wote wawili, na mimi nililia zaidi kwa kumwona yeye akilia.

Baba alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na nyama ya jioni mkononi.

"Mama Seif," aliuliza taratibu, "tunaingiza takataka?"

Akatundika nyama, akakunja mikono ya kanzu, akainama kuokota.

Magharibi ilipokaribia, mtu alibisha hodi. Alikuwa Kibacha, amekonda.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, nilikuwa kwetu na malaria. Kijana wako alifika siku nyingi. Dereva wa Arusha aliniachia salamu Dodoma. Anasema usiwe na wasiwasi, kapata wenzake wa kukaa nao."

"Anakula nini?" Mama aliuliza.

"Sijui, mama. Anakula tu."

Mama alimshukuru, akampa karanga nyingi kuliko alizoweza kubeba. Usiku hakufagiwi, kwa hiyo tulingoja asubuhi. Niliufuata ufagio mwenyewe, nikaja nao nikirukaruka, lakini Mama aliuchukua. Alifagia sebule, akafagia ukumbi, akafika chumba cha Seif. Hapo akakaa kitandani, ufagio magotini, machozi yakaanza upya.

Niliogopa kuliko siku zote. "Mama, si amefika?"

"Amefika, mwanangu," alisema. "Ndiyo hivyo. Amefika."

Miaka mingi sikuelewa mtu analiaje kwa habari njema. Nimeelewa sasa, mimi nami nikiwa na wanangu waliotawanyika. Siku zote zile za uchafu, Seif alikuwa bado njiani, na aliye njiani ni mtu aliyetoka kwa mama yake. Akishafika, ana kwake. Mama aliombea afike, akaogopa asifike, na kumbe aliogopa na kufika kwenyewe.

Siku ile aliniita nisimame mbele yake, akafuta macho, akanishika mabega, akanitazama kutoka utosini hadi miguuni, polepole. Nilifurahi, nikadhani ananibembeleza. Alikuwa akinipima kimo, aone zamu yangu ya kuondoka iko mbali kiasi gani.